Tulimkataza Binti Yetu Kuzungumza na Mshauri



 

Wapenzi wasomaji, mara nyingi tukiandika hapa huwa tunaleta darsa. Safari hii tunaleta kosa letu wenyewe. Tumekaa nalo muda mrefu, na mama watoto ndiye aliyetuhimiza tuliandike. Anasema tulilolikosea sisi linakosewa katika nyumba nyingi, na aghalabu anayelikosea ni mtu mwenye kofia na kanzu.

Wanaotufahamu wanajua kwamba tunasomesha madrasa hapa Buyenzi, Bujumbura, kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwalimu wa madrasa katika mitaa yetu hasomeshi watoto tu. Baada ya swala ya Isha mlango wake haufungwi. Huyu mumewe hatoi matumizi, yule kijana wake amekataa shule, mwingine usingizi umemkimbia na hajui sababu. Tunawasikiliza, tunawasomea, tunawapa nasaha, wanakwenda zao. Wengi wakirudi husema wamepata nafuu, na tuseme kweli, jambo hilo lilitutia kiburi kidogo bila ya wenyewe kujijua.

Miongoni mwa wanafunzi wetu wa mwanzo alikuwepo binti mmoja aliyehitimu msahafu akiwa na miaka kumi na miwili. Jina lake hatutalitaja. Machafuko ya mwaka 2015 yalipoanza hapa mjini, alivuka na ami yake hadi Kigoma, kambi ya Nyarugusu. Huko akaolewa na kijana wa Kikongo, Muislamu mwenye asili ya Fizi, na mwaka 2018 wakachukuliwa kwenda Marekani, jimbo la Kentucky. Mama yake alibaki hapa Buyenzi, barabara ya pili kutoka madrasa yetu, na baba yake pia alibaki hapa. Tumeomba ruhusa ya binti na ya mumewe kabla ya kuandika. Wameyasoma maneno haya kabla yenu, na mambo machache tumeyabadilisha ili wasitambulike.

Mwaka 2023, siku ya Alhamisi baada ya Magharibi, mumewe alitupigia kwa WhatsApp. Kule kwao ilikuwa mchana. Kijana huyu anafanya kazi ya usiku katika kiwanda cha nyama, anarudi alfajiri, analala hadi adhuhuri. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira ile alikuwa na hofu, ila sisi tuliisikia hasira peke yake.

Akasema: "Mwalimu, mke wangu kila Alhamisi saa nne asubuhi anaingia kwenye gari letu hapo nje, anamweka mtoto mchanga kiti cha nyuma, anafunga vioo, anazungumza kwa simu karibu saa nzima. Nimemuuliza ni nani huyo, ananiambia ni mshauri, mwanamke wa Kizungu. Leo nimesogea nisikie. Jambo la kwanza huyo mwanamke anamuuliza, uko wapi sasa hivi? La pili anamuuliza, uko na nani? Hivi mtu wa heri anaanza na maswali hayo?"

Nasi tukaona kweli, hata mwizi huanza na maswali hayo.

Akatuomba tumkataze, kwa sababu sisi ndio waliomsomesha na maneno yetu anayaheshimu kuliko ya mtu yeyote. Hatukulala na jambo lile hata usiku mmoja. Tuliwasha simu tukarekodi ujumbe wa sauti wa dakika nne. Tulimwambia siri za nyumba hazitoki nje. Tulimwambia Qur'ani ni shifaa na yeye ameihitimu, amekosa nini hata akatafute kwa asiyeswali? Tulimkumbusha subira. Tukamalizia kwa dua nzuri kabisa. Katika dakika zote hizo nne hatukumuuliza swali hata moja. Hatukumuuliza hata hali ya mtoto.

Akajibu kwa maandishi, maneno mawili: "Sawa Mwalimu."

Tulifurahi. Tulimpigia mumewe tukamwambia jambo limekwisha.

Ikapita miezi miwili. Asubuhi moja mama yake alikuja madrasa, watoto wakiwa wanasoma. Huyu ni mama mwenye heshima, anauza maandazi mlangoni kwake, na katika miaka yote hajawahi kutuingilia darasani. Siku hiyo hakungoja tutoke. Alisimama mlangoni akasema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, mwanangu hali, halali. Jana usiku ameniambia, mama, natamani nilale nisiamke. Nimekuja kukuuliza, wewe ulimwambia nini?"

Ndugu zetu, kuna maswali ambayo mtu anayajibu akiwa amesimama, na kuna mengine yanamkalisha. Tulikaa juu ya mkeka na watoto.

Sasa mtazame jinsi Allah (S.W.) anavyomfundisha mwalimu. Wiki ile watoto wakubwa walikuwa wameanza juzuu ya Qad Sami'a, ambayo sura yake ya kwanza ni Al-Mujaadila, sura ya 58. Sababu ya kushuka kwake kila mtoto wetu anaijua: mwanamke, Khawla bint Tha'laba (R.A.), alikuja kwa Mtume (S.A.W.) kumlalamikia mumewe, akarudia na kurudia, na malalamiko yake yakasikilizwa kutoka juu ya mbingu saba. Tulikuwa tunawasikiliza watoto wanasoma habari ya mwanamke aliyesikilizwa, na sisi ndio tuliomfunga mdomo mwanamke mwingine kwa ujumbe wa WhatsApp.

Na si hilo tu. Kila mwaka tunasomesha Riyadhus Swaalihiin ya Imam An-Nawawi. Baada ya mlango wa kukataza kusengenya upo mlango unaotaja mambo sita ambamo inajuzu kumtaja mtu kwa lile asilolipenda, na miongoni mwake ni mwenye kudhulumiwa kushtaki, na mwenye kutaka msaada au fatwa. Dalili yake mojawapo ni Hind bint Utba (R.A.) aliyemwambia Mtume (S.A.W.) kwamba mumewe Abu Sufyan ni mzito wa kutoa matumizi. Mtume (S.A.W.) hakumwambia siri za nyumba hazitoki. Alimjibu alichouliza. Mlango huo tunausomesha, tunawauliza wanafunzi mtihani, na siku tulipouhitaji hatukuukumbuka. Ile hadithi ya kukataza kutoa siri tuliyoitumia inazungumzia mambo ya faragha ya chumbani yanayotangazwa ovyo. Tuliitoa mahali pake tukaitumia kama kufuli.

Usiku ule tulimpigia, mama watoto akiwa pembeni. Tulimwomba radhi. Mwanzo hakusema kitu, tulisikia mtoto tu analia nyuma. Kisha tukamuuliza swali ambalo tulipaswa kumuuliza siku ile: ni jambo gani lililokuwa linakupeleka kwenye gari?

Sisi tulikuwa tumejitayarisha kusikia habari za mume. Mume hakuwemo, au alikuwemo kidogo sana. Alikuwa anamzungumzia baba yake.

Baba yake alifariki hapa Buyenzi mwaka 2021. Sisi ndio tuliomswalia. Tulimpelekea binti salamu za rambirambi na picha ya kaburi, tukamwambia inna lillahi, tukaendelea na mambo yetu. Yeye alipata habari akiwa kazini, katika ghala la vifurushi, akafunga masanduku hadi mwisho wa zamu kwa sababu aliogopa kukatwa saa zake. Hakulia siku hiyo. Hakulia na siku zilizofuata. Alipojifungua mtoto wa tatu, ndipo kila kitu kikamshukia kwa pamoja: akimtazama mtoto anamwona baba yake, usiku anasikia kikohozi chake ukumbini. Akisoma Qur'ani anafika mahali alipokuwa akisoma na baba yake, sauti inakatika. Akajiona amekuwa mtu mbaya, mama mbaya, Muislamu mbaya. Na juu ya hayo yote, mwalimu wake akamwambia amepungukiwa na subira.

Wauguzi wa kliniki ya watoto ndio waliomgundua. Kule mama anapompeleka mtoto kwenye chanjo anaweza kupewa karatasi ya maswali kuhusu hali yake mwenyewe: unalala, unacheka, unajilaumu? Majibu yake yaliwatia wasiwasi, wakampeleka kwa huyo mwanamke wa Alhamisi.

Tulitaka kumjua huyo mwanamke ni nani. Binti alitupa namba ya ofisi. Tulimwomba kijana mmoja anayejua Kiingereza vizuri atupigie. Jibu lilikuja la adabu lakini kavu: "Siwezi kukwambia kama namfahamu mtu huyo au simfahamu." Tulichukia, tusifiche. Sisi ni mwalimu wake, tumemlea, na mgeni anatuambia hivyo! Kijana akafikiri pengine tumekosea namba. Binti alipotupigia baadaye akacheka, mara ya kwanza kucheka tangu tuanze mambo haya. Akatueleza kwamba mshauri haruhusiwi kumthibitishia mtu yeyote kwamba fulani ni mteja wake mpaka mteja aweke saini. Hata mumewe akipiga, jibu ni hilo hilo. Tukawa kimya. Sisi tulimkataza kwa ajili ya kulinda siri, na yule tuliyemtilia shaka ndiye aliyekuwa anailinda siri hata dhidi yetu.

Binti aliweka saini, tukazungumza na mshauri nusu saa, na mkalimani katikati. Tuliyoyasikia tunayaeleza kama tulivyoyaelewa, kwani huenda mmoja wenu ana ndugu huko anayehitaji.

Kazi yake inaitwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii mwenye leseni ya tiba. Huku kwetu ukisema ustawi wa jamii tunaelewa mtu wa ofisini anayeshughulikia watoto waliotelekezwa na misaada ya wazee. Kule wapo hao pia, lakini lipo tawi lililosomea tiba ya mazungumzo. Anasoma hadi shahada ya uzamili, kisha anafanya kazi kama miaka miwili chini ya msimamizi anayekagua namna anavyohudumia watu, kisha mtihani, ndipo jimbo linampa leseni. Si daktari na hatoi dawa za kumeza. Akiona mtu anahitaji dawa humpeleka kwa daktari. Na walio wengi wanaokuja kwake si wendawazimu. Ni watu wenye usingizi mbaya, ugomvi wa ndoa, kazi iliyowaelemea, kufiwa, ugeni wa nchi. Hapo tuliona haya tena, kwa maana hapa Bujumbura likitajwa jambo la matibabu ya nafsi watu wanafikiria hospitali ya Kamenge moja kwa moja, na nani anataka ndugu yake aonekane kwenye lango la Kamenge?

Kabla ya mwaka 2020 mazungumzo haya yalifanywa ofisini zaidi. Ulipoingia ugonjwa wa korona watu wakafungiwa majumbani, yakahamia kwenye video, na yakabaki huko. Kwa mama mwenye mtoto mchanga, asiye na mtu wa kumwachia, na mume aliyelala ndani, gari lililoegeshwa nje ya nyumba ndilo pekee lenye mlango unaofungika. Kikao ni dakika kama hamsini. Gharama yake inalipwa na Medicaid, ile bima ya serikali ya watu wa kipato kidogo.

Tukamuuliza juu ya lile swali la "uko wapi". Akasema kila kikao lazima aulize, kwa sababu mbili. Leseni yake inamruhusu kumhudumia aliyeko ndani ya jimbo lake. Binti akienda kuwatembelea shemeji zake jimbo la Ohio, kikao hakifanyiki mpaka arudi, ikiwa mshauri hana leseni ya huko. Na sababu ya pili, mteja akizidiwa akiwa kwenye simu, lazima ajulikane alipo ili msaada umfikie. "Uko na nani" ni kutaka kujua kama mtu yuko huru kusema. Mume alikuwa anasikiliza pamoja nasi. Alishusha kichwa, sisi tukamwona kwenye kioo cha simu.

Na siri ile ina mipaka, na mipaka hiyo anaambiwa mteja siku ya kwanza: mtu akiwa hatarini kujidhuru, au kumdhuru mwenzake, au mtoto akiwa anateswa, hapo mshauri hanyamazi.

Jambo lililotushtua zaidi ni hili. Binti aliporudi kwake baada ya ile miezi miwili, mshauri alimuuliza wazi wazi: je, unawaza kujiua? Sisi tusingethubutu kulitamka neno hilo, tungeogopa kumtia wazo. Mshauri akasema jambo hilo limechunguzwa sana, na kuuliza hakumpandi mtu wazo. Mara nyingi humpa nafasi ya kulitua. Binti alijibu kwamba hakuwa na nia ya kufanya kitu, ila alichoka kuamka. Wakapanga pamoja: nani atampigia usiku ukiwa mzito, dawa zote za nyumbani atazishika mume, na ile namba fupi 988 ambayo Marekani nzima inaitumia tangu Julai 2022 kwa mtu aliyefikwa na hali hiyo. Jina la kwanza aliloandika kwenye karatasi ya watu wa kupigiwa ni la mama yake. La pili lilikuwa letu. Aliliandika mwanzoni, kabla hatujamtumia ule ujumbe, na hakulifuta.

Kidogo juu ya mkalimani, kwani lina faida. Mara ya kwanza walimletea mkalimani wa Kiswahili wa mji ule ule, mama anayeswali naye msikiti mmoja. Binti akakaa kimya kikao kizima. Ni haki yake kumkataa, na alipomkataa wakampata mwingine kwa simu kutoka mbali, mtu wa Mombasa. Kiswahili cha Mombasa na cha Buyenzi ni ndugu, lakini ndugu pia hukosana. Binti alisema "roho inaniuma", mkalimani akafasiri kana kwamba ni moyo huu wa nyama, na mshauri akauliza kama ameshapimwa na daktari wa moyo! Wakacheka wote watatu. Kisha mshauri akamwomba aeleze roho inauma vipi. Akasema: inakuwa nzito kama nguo iliyolowa ambayo huna pa kuianika. Sisi tumemjua binti huyu tangu ana miaka sita, na neno hilo hatujawahi kulisikia kwake, kwa sababu hatujawahi kumuuliza roho inauma vipi. Mtu akituambia roho inamuuma sisi tunafungua msahafu papo hapo.

Tulihofia pia kwamba mtu asiyekuwa Muislamu atamtoa katika dini. Tulilokuta ni kwamba alimuuliza ni saa ngapi katika siku roho inapungua uzito. Binti akasema baada ya Alfajiri. Basi wakakubaliana kila akimaliza kuswali atembee dakika kumi nje kabla ya watoto kuamka, na akirudi asome aya chache, hata tatu, asijilazimishe juzuu. Akampa na kazi ya daftari: likija wazo la "mimi ni mama mbaya", aliandike, na upande wa pili aandike ushahidi wa kulithibitisha na wa kulikanusha, kama anayesimama mbele ya kadhi. Wiki ya tatu alitusomea ukurasa mmoja. Upande wa ushahidi wa kwamba ni mama mbaya alikuwa ameandika mstari mmoja tu: "nilimpigia kelele mkubwa siku ya Jumanne."

Tulipoeleza habari hizi kwa rafiki yetu mmoja mwenye vitabu, alitukumbusha Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wetu aliyefariki mwaka 934, aliyeandika kitabu kuhusu maslahi ya miili na nafsi. Humo amepanga milango ya hasira, khofu, huzuni na wasiwasi, na anashauri kwamba kama mtu anavyoweka dawa nyumbani kabla ya kuugua, basi aweke na fikra njema wakati nafsi yake imetulia, ili azitumie itakapochafuka. Sehemu ya nafsi ya kitabu hicho ilifasiriwa kwa Kiingereza na Profesa Malik Badri wa Sudan, ikachapishwa mwaka 2013. Marehemu Badri, aliyefariki mwaka 2021, alitumia umri wake kuwaambia Waislamu wawili kwa mpigo: msomi anayedhani elimu hii imeanza Ulaya, na shekhe anayedhani haituhusu. Sisi tulikuwa yule wa pili.

Hata hivyo, ndugu, tusije tukatoka shimo moja tukaingia jingine. Kwenye simu zetu wamejaa wanaojiita washauri, wengine wanauza ruqya kwa dakika, wengine wanataka ulipe kwanza kwa namba ya mtu binafsi. Kwa walioko Marekani, jina la mwenye leseni linaweza kutafutwa katika orodha ya bodi ya jimbo lake, bure, na ukilikosa uulize kwa nini. Mwanamke amtafute mwanamke akimpata, na inaruhusiwa kulisema hilo tangu mwanzo, ofisi nyingi hazishangai. Nasi tulioko huku tusidhani kwamba yule mwanamke wa Kentucky atatuhudumia na sisi. Leseni yake haifiki Buyenzi, na vifurushi vyetu vya intaneti hukatika kabla hujamaliza salamu.

Mumewe, kwa hiari yake, aliingia kikao kimoja. Alikuwa anaogopa kwamba mkewe anasema habari za pesa anazowatumia wazee wake Kongo. Hazikuwa zimetajwa hata mara moja. Alipoulizwa na yeye analalaje, alisema vizuri. Mkewe akamwambia mshauri, hapana, anasaga meno. Bado hatujajua mwisho wa hilo.

Binti hajapona kwa siku moja, na zipo wiki anarudi nyuma. Mwezi wa Ramadhani uliofuata ulikuwa mgumu, kwani baba yake ndiye aliyekuwa akimwamsha daku. Mshauri alimwambia huzuni ya kufiwa haina tarehe ya kwisha, naye akamweleza mshauri habari ya Nabii Ya'qub (A.S.) aliyemlilia Yusuf hadi macho yakawa meupe, na hakuacha kuwa Nabii. Hadithi hiyo alifundishwa na sisi, lakini matumizi yake ameyapata mwenyewe.

Hapa madrasa tumebadilisha jambo moja dogo. Mtu akija baada ya Isha, msahafu unabaki juu ya rafu kwanza. Tunamuuliza unalala saa ngapi, unakula, nani mwingine anajua. Wapo tuliowapeleka kituo cha afya baada ya maswali hayo, wawili tulikwenda nao wenyewe. Baadaye tunawasomea, na tunaona wanasikiliza zaidi kuliko zamani. Mama watoto anasema tumepunguza maneno. Anasema pia kwamba anangoja siku tutakapojibu maswali hayo sisi wenyewe, kwa sababu tangu kaka yetu afariki hatulali kabla ya saa nane usiku, na yeye hajui tunadhani tunamficha nani.

Alhamisi iliyopita tulimpigia binti saa zake zilipokwisha, jioni yetu, umeme ukiwa umekatika mtaa mzima. Tukamuuliza uko wapi, na uko na nani? Akacheka hadi akakohoa.

"Niko kwenye gari, Mwalimu. Mtoto amelala. Na wewe uko wapi?"

Tukamwambia tuko barazani, gizani, peke yetu. Akasema, "Basi kaa hapo hapo, tuzungumze kidogo."